Waigaji Wawili wa Jemadari Idi Amin

  Mimi nazungumza nanyi kutoka Rujewa, katika uwanda wa Usangu, penye mashamba ya mpunga na makundi ya ng'ombe.

Leo sitasema habari za mpunga wala za mifereji ya maji, ijapokuwa najua kwamba ndizo habari zinazotupatia chakula. Leo nataka kuwaeleza habari za watu wawili ambao kazi yao ilikuwa kumwigiza mtu wa tatu. Huyo wa tatu ni Jemadari Idi Amin wa Uganda, aliyeleta vita katika nchi yetu mwaka 1978. Wale wawili waliomwigiza katika sinema ni Joseph Olita, mtu wa Kenya, na Forest Whitaker, mtu wa Marekani.

Huenda baadhi yenu mtauliza, Habari za waigaji wa sinema zatufaa nini sisi wakulima? Swali hilo ni la haki, na mimi mwenyewe nalijiuliza hivyo, mpaka siku moja nilipojibiwa na mzee mmoja wa hapa kwetu, naye hakukusudia kunijibu. Maneno ya mzee huyo nitawaeleza karibu na mwisho, maana hayawezi kufahamika vema kabla ya kuwajua hao watu watatu.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba kumwigiza mkuu wa vita si jambo geni kwetu. Baada ya vita vya 1914 mpaka 1918, ngoma iliyoitwa Beni ilienea sana katika miji na vijiji vya Tanganyika. Wachezaji wake walivaa mavazi kama ya askari, wakajipanga safu, wakapeana vyeo vya wakubwa wa jeshi. Kadhalika upande wa Ziwa Nyasa iko ngoma ya Mganda, ambayo wachezaji wake huenda kwa hatua za kijeshi, kila mguu ukifuata mwenzake. Walakini katika ngoma hizo mchezaji huiga mavazi, hatua na cheo tu. Kuiga roho ya mtu ni kazi nyingine kabisa, tena ni ngumu. Mtu mwenye kuiga roho ya jemadari hana budi kutuonyesha jinsi anavyocheka, jinsi anavyokasirika, na jinsi watu wanavyomwamini hata siku ya kujuta.

Sasa huyo Amin alikuwa mtu wa namna gani? Aliingia katika jeshi la King's African Rifles mwaka 1946. Alikuwa mtu mrefu na mnene, mwenye nguvu nyingi, na kwa miaka mingi alikuwa bingwa wa ngumi katika Uganda. Alisema Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya jeshi, na mwaka 1973 alitoa amri kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa la Uganda. Tarehe 25 Januari 1971, wakati Rais Milton Obote alipokuwa Singapore kwa mkutano, jeshi lilitwaa serikali na Amin akawa mkuu wa nchi. Watu wengi wa Kampala walitoka njiani wakashangilia. Walimwona kuwa mtu wa watu, asiye na makuu, mwenye kucheka na kila mtu.

Mwaka uliofuata, 1972, aliwafukuza Waasia waliokuwa wakikaa Uganda, akawapa siku 90 tu za kuondoka. Maduka na viwanda vyao viligawiwa watu wasiojua kuviendesha, na baada ya muda bidhaa zikaadimika. Wakati huo huo watu walikuwa wakikamatwa usiku na mchana, na wengi wao hawakuonekana tena. Mwaka 1977 aliuawa hata Askofu Mkuu Janani Luwum. Makadirio ya watu waliouawa katika miaka minane ya utawala huo yafika watu 300,000.

Walakini, wasikilizaji wangu, nisikilizeni vizuri hapa. Wakati mambo hayo yalipokuwa yakitendeka, watu wa nchi nyingine walikuwa wakicheka. Amin alijua sana kuchekesha. Alipiga kodiani, alicheza ngoma, alijiita mfalme wa Uskoti, na mwaka 1975 akajipa cheo cha Field Marshal, kinachopita cheo cha jenerali. Mwaka 1972 alimpelekea Mwalimu Nyerere ujumbe kwamba ampenda sana, na kama Mwalimu angalikuwa mwanamke, yeye angalifikiri kumwoa, ijapokuwa kichwa kilikwisha ota mvi. Hata mwaka 1978, damu ilipokuwa imekwisha mwagika, alisema afadhali yeye na Mwalimu wapigane ngumi ulingoni, na Muhammad Ali awe mwamuzi wao. Maneno kama hayo yalichapwa katika magazeti ya dunia nzima, na watu waliyasoma kwa kicheko.

Basi mwaweza kuona kwamba Amin mwenyewe alikuwa mwigaji. Mwaka 1974 alitengenezwa sinema na Barbet Schroeder, ambaye ni mtu wa Ulaya, na ndani yake Amin hakuigizwa na mtu, bali alijionyesha mwenyewe. Alipiga kodiani, akawaongoza wageni mtoni kutazama wanyama, akaonyesha askari wake wakijizoeza vita. Lakini alipopata habari kwamba sinema hiyo ilikuwa na vipande visivyompendeza, alitaka vikatwe. Schroeder alipokataa, Amin aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda, akawaweka mateka. Basi vipande hivyo vikakatwa, visirudishwe mpaka Amin mwenyewe alipokwisha kuondoka katika serikali. Hapo ndipo tunapopata kumjua mtu huyo. Alipenda kutazamwa, lakini alitaka yeye ndiye achague kitakachoonekana.

Na tuje sasa kwa mwigaji wa kwanza. Amin aliposhindwa, mtengenezaji wa sinema wa Kenya aliyeitwa Sharad Patel aliazimu kufanya picha ya maisha yake. Picha hiyo ilitoka mwaka 1981, yaani miaka miwili tu baada ya vita, na jina lake ni Rise and Fall of Idi Amin, maana yake Kuinuka na Kuanguka kwa Idi Amin. Aliyechaguliwa kumwigiza ni Joseph Olita, mwenyeji wa Siaya, karibu na Ziwa Victoria. Olita alikuwa na kimo cha Amin, unene wa Amin, na uso wa kufanana naye. Alipovaa koti la kijeshi lililojaa nishani, mtazamaji asiyeambiwa neno angalidhani kwamba mwenyewe amerudi.

Katika picha hiyo mna jambo moja ambalo ni nadra sana katika kazi ya kuigiza. Mwingereza mmoja, Denis Hills, aliyekuwa mwalimu Uganda, alimwandika Amin katika kitabu chake kuwa ni kama jeuri wa kijijini. Kwa neno hilo alihukumiwa kufa mwaka 1975. Ilimlazimu James Callaghan, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aende Uganda mwenyewe, ndipo Hills akaachiliwa, wakaondoka pamoja. Sasa katika sinema ya Patel, Hills aliigiza mambo yake mwenyewe. Fikirini hapo. Mtu aliyeponea chupuchupu kuuawa kwa amri ya Amin alisimama tena mbele ya mtu mwenye umbo la Amin, na safari hii alijua kwamba jioni wote wawili watakwenda zao kula chakula.

Kazi ya Olita ilijulikana Afrika nzima. Mwaka 1991 aliitwa tena amwigize Amin kwa muda mfupi katika sinema nyingine, Mississippi Masala, inayoeleza habari za jamaa ya Wahindi waliofukuzwa Uganda. Alifariki mwaka 2014, na watu wengi walimkumbuka kwa sura ile ile moja.

Walakini heshima isitufanye tufiche kasoro. Picha ile ya 1981 ilipenda mno kutisha watu. Ilimwonyesha Amin akila nyama ya binadamu, na kuweka vichwa vya watu katika sanduku la barafu. Hizo zilikuwa habari za kunong'onezana ambazo hazikupata kuthibitishwa. Mwenye kutengeneza picha akichanganya uvumi na matendo yaliyotendeka kweli, amemsaidia mwovu bila kujua, maana kesho mtu atasema, Kama lile la nyama ni uongo, huenda na lile la Askofu Luwum ni uongo pia. Tena kuna hatari nyingine. Mtu akionyeshwa kuwa zimwi tangu dakika ya kwanza, mtazamaji hujisemea moyoni, Mimi nisingalimfuata kamwe mtu kama huyu. Kumbe maelfu walimfuata, nao walikuwa watu wenye akili kama sisi.

Mwigaji wa pili alikuja miaka ishirini na mitano baadaye. Sinema yake yaitwa The Last King of Scotland, ilitoka mwaka 2006, na mwongozaji wake ni Kevin Macdonald. Ilitokana na hadithi ya kubuni ya Giles Foden iliyochapwa mwaka 1998. Ndani yake yumo daktari kijana kutoka Uskoti, jina lake Nicholas Garrigan, anayekuwa tabibu na rafiki wa Amin. Wanafunzi, kumbukeni kwamba daktari huyo hakuwako duniani. Amebuniwa na mtunga hadithi ili sisi tuingie pamoja naye katika nyumba ya mkuu, tuone kwa macho yake.

Forest Whitaker, aliyemwigiza Amin, hakuwa na uso wa kufanana naye sana kama Olita. Kwa hiyo ilimbidi atafute kufanana kwa njia nyingine. Aliongeza unene wa mwili wake. Alijifunza Kiswahili, maana alitaka Kiingereza chake kisikike kama cha mtu aliyelelewa katika lugha zetu. Alijifunza kupiga kodiani. Alikwenda Uganda, ambako sinema hiyo ilipigwa, akaonana na watu waliomjua Amin, wale waliompenda na wale waliomwogopa, akawasikiliza kabla ya kufungua kinywa chake mbele ya kamera. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Oscar ya mwigaji bora, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika sinema za Marekani.

Nami sasa nitawaeleza jinsi nilivyoiona picha hiyo, na hapa ndipo yule mzee anapoingia.

Nalikwenda jioni moja katika banda la video, nikakaa kwenye benchi pamoja na vijana. Mzee mmoja jirani yangu alikuwa amekuja na mjukuu wake, akaketi nyuma karibu na mlango. Wengi kwetu twajua kwamba katika ujana wake alikuwa katika mgambo, na mwaka 1978 alikwenda Kagera.

Karibu na mwanzo wa sinema, gari la Amin linamgonga ng'ombe barabarani, na Amin mwenyewe anaumia mkono. Daktari Garrigan anaitwa kumtibu. Ng'ombe analia kwa maumivu, na hakuna anayejua la kufanya, mpaka daktari anaitwaa bastola ya Amin na kumpiga risasi yule mnyama. Askari wanashtuka. Amin anamtazama kijana huyo kwa macho makali. Kisha anasikia kwamba ni mtu wa Uskoti, na uso wake unageuka mara moja, anacheka, anavua shati lake la kijeshi na kubadilishana na fulana ya daktari. Sisi watu wa Usangu twajua habari za ng'ombe, basi banda zima lilikuwa limeshika pumzi, na kicheko kile kilipokuja vijana walicheka kwa nguvu, wengine wakapiga makofi. Hata mimi nalicheka. Nalimpenda Amin yule kwa dakika kadhaa, sitaficha.

Sinema ikaendelea, na vicheko vikapungua kidogo kidogo. Whitaker ana namna ya kunyamaza ghafula katikati ya mzaha. Mdomo bado unatabasamu, lakini macho yamekwisha acha. Yule daktari anaanza kutambua kwamba rafiki zake wanapotea, kisha anataka kuondoka naye hawezi. Ilipofika mwisho, katika uwanja wa ndege wa Entebbe mwaka 1976, hapana aliyecheka tena. Mambo anayotendewa daktari hapo sitayasimulia, kwa sababu watoto wanasikiliza.

Tulipotoka nje, kijana mmoja alimwambia mzee, Babu, yule mtu ni hodari wa kuigiza, sivyo? Mzee akajibu hivi, Ni hodari, mjukuu wangu, kwa kuwa amewachekesha kwanza. Hata sisi tulicheka. Tuliposikia kwamba ataka kumwoa Mwalimu, tulicheka shambani mpaka tukaketi chini. Tulimsema kuwa mjinga. Miaka sita baadaye nikapewa bunduki.

Baada ya kusema hayo akamshika mjukuu wake mkono, akaenda zake.

Nalirudi nyumbani nikiyafikiri maneno hayo. Mzee hakusema kwamba mchezaji amefanana na Amin kwa sura, wala kwa sauti. Alimsifu kwa sababu amewafanya vijana waliozaliwa baada ya vita waonje kosa lile lile walilolifanya babu zao, yaani kumcheka mtu wa hatari na kudhani kwamba mwenye kuchekesha hawezi kudhuru. Mimi naona hiyo ndiyo kazi kubwa ya mwigaji wa jemadari. Joseph Olita alitupa sura ya Amin isiyosahaulika, na katika siku zile, majeraha yakiwa bado mabichi, huenda watu walihitaji hasa kuiona sura hiyo ikianguka. Forest Whitaker alituonyesha mlango ambao Amin aliingilia mioyoni mwa watu. Kwa hiyo, kama mtu akiniuliza ni yupi anayefundisha zaidi, nitamjibu kuwa ni huyo wa pili.

Hata hivyo liko deni moja ambalo sinema hiyo ya pili haikulilipa. Yenyewe yaishia mambo ya 1976, na yaliyofuata yatajwa kwa maandishi machache tu. Kwetu sisi hadithi yaanzia hapo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakaishika nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Yaliua raia, yakapora ng'ombe na kiwanda cha sukari, kisha daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutapigana, naye akaeleza kwamba sababu ya kupigana tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Vijana walitoka mikoa yote, askari wa jeshi pamoja na mgambo, nao wakapigana bega kwa bega na Waganda waliokuwa wamekimbia nchi yao. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Amin akakimbilia Libya, baadaye Saudi Arabia, akafa huko Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, hali hajasimama mbele ya hakimu yeyote.

Wengi wa askari wetu waliokufa walizikwa Kaboya, katika wilaya ya Muleba. Nchi nayo ilibaki na madeni, na Mwalimu akatuambia tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Wazee wanaonisikiliza wanajua kwamba miezi ile ilikuwa mirefu kuliko hesabu yake. Wao wanakumbuka foleni za sabuni na sukari.

Basi wanafunzi, neno langu la mwisho ni kwenu. Shuleni mwenu hufanya michezo ya kuigiza, na najua kwamba kila mvulana ataka kuwa jemadari, kwa kuwa jemadari huvaa vizuri na kusema kwa sauti kubwa. Mkipewa kazi hiyo, msitosheke na kofia na fimbo. Nendeni kwa wazee wenu kwanza, kama Whitaker alivyokwenda kwa watu wa Uganda, mwaulize mambo yalikuwaje. Msiongeze uvumi ili kutisha watu, maana yaliyotendeka yatosha. Tena mkimwigiza mtu mwovu, mwonyesheni pia alipokuwa akipendeza, ili watazamaji wajue jinsi walivyodanganywa wenzao. Na huyo askari asiye na jina, aliyetoka kijijini akavuka mto Kagera, naye mpeni mahali katika mchezo wenu. Yule mzee wa Rujewa hajapata kumwona mtu akimwigiza yeye.